Tulivyomtafuta Mzee Gati

Wanangu mnaoajiriwa siku hizi kwenye madirisha ya uhakiki, nisikilizeni kabla hamjakizoea kiti. Mtu akishakizoea kiti, hasikii tena la mwenzake.

Mimi ni Mama Kulwa. Nimestaafu, nakaa Igoma, nafuga kuku wanaonisumbua kuliko wateja walivyowahi kunisumbua. Maisha yangu yote ya kazi, tangu masjala ya mafaili ya kahawia mpaka kompyuta, nilikuwa natafuta watu. Siyo watu waliopotea, hapana. Watu wazima kabisa, wamesimama mbele yako wanakutazama, lakini mfumo unasema hawapo. Dirisha letu hapa Mwanza kazi yake ilikuwa hiyo: mtu akitaka bima, akitaka kufungua mirathi, akitaka chochote cha serikali, anapita kwetu tuhakikishe kwamba taarifa zake zipo na zinasomana na za ndugu zake. Zikisomana, unamgongea muhuri anakwenda zake. Zisiposomana anaanza kulia, na wewe ndiye umekaa pale unamtazama akilia. Hilo chuoni hawalifundishi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bundala, mkuu wa masjala nilipoanza. Yule mzee alikuwa haruhusu mtu afungue kabati kabla hajamsalimia mteja mpaka mwisho. Na salamu yetu sisi Wasukuma mnaijua, haiishi upesi. Habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, wewe ni wa kwa nani, babu yako si ndiye yule aliyehamia kutoka ng'ambo? Nilikuwa nadhani ni uzee tu unamchelewesha. Kumbe salamu ikiisha, yeye ameshapata kijiji, ukoo, na mwaka ambao familia ilihama. Anakwenda kwenye kabati moja tu, anarudi na faili. Mimi mwenye haraka zangu nilikuwa nafungua makabati yote na kutoka na vumbi puani. Haraka haraka haina baraka, mnaiimba tangu chekechea, lakini nendeni mkaione kazini.

Halafu kompyuta zikaja, na vijana wakaja nazo. Kwetu alikuja Denis, mtoto wa watu, ana adabu, na vidole vyake kwenye kibodi vilikuwa vinakwenda kama vya mwanamke anayechambua dagaa. Wiki yake ya kwanza akaja mteja anaitwa Kulwa Masanja. Denis akaandika Kulwa Masanja, akabonyeza, akajiegemeza kwenye kiti anangoja. Mashine ikamletea akina Kulwa Masanja ukurasa baada ya ukurasa. Akaanza kushuka nao mmoja mmoja. Nilimwacha kwanza, maana na mimi napenda kucheka.

"Mama," akasema mwishoni, "hawa watu ni ukoo mmoja?"

"Hawa watu ni mapacha, mwanangu. Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Sasa hesabu mapacha wote wa Kanda ya Ziwa uone utafika lini."

Nikamwonyesha dawa yake. Usimtafute Kulwa, mtafute Doto wake. Kisha muulize kama kuna Shija, yule anayezaliwa baada ya mapacha. Kulwa wako wengi, lakini Kulwa ambaye Doto wake anaitwa Anastazia na Shija wake alizaliwa Usagara, huyo yuko mmoja. Mtu hatafutwi peke yake, anatafutwa pamoja na watu wake. Denis alimpata kabla mteja hajamaliza kukaa vizuri.

Na tarehe za kuzaliwa za wazee msiziamini sana. Ukizitazama utadhani wazee wote wa huku walizaliwa siku moja, kwa mkunga mmoja. Karani wa zamani, mzee akimwambia alizaliwa wakati wa nzige, yeye alikuwa anachapa tarehe mosi Julai na kuita mwingine. Ukimtafuta mzee kwa tarehe kamili unajisumbua. Mpe miaka kadhaa mbele na nyuma, kisha angalia picha.

Hayo yote ni ujanja wa kawaida, mtaupata wenyewe. Ninalotaka kuwaambia hasa ni habari ya Rhobi na mzazi wake.

Rhobi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Misungwi, lakini kwao ni Tarime. Msichana mpole mno, anaongea na wewe huku anaitazama meza. Alikuja kwetu kwa jambo moja: kumuingiza baba yake kwenye bima yake ya afya. Bima ya mwalimu inamruhusu kuweka wazazi, na mzazi huyo alikuwa na uvimbe tumboni ambao daktari alisema usikae. Kumpasua bila bima, kwa mshahara ule, Rhobi angeuza vitu ambavyo hata hakuwa navyo. Kwa hiyo mwelewe tangu sasa: jina likipatikana, mgonjwa anapasuliwa. Lisipopatikana, anarudi Tarime na uvimbe wake.

Denis aliandika kila kitu kama kilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa cha Rhobi. Baba, Gati Mwikwabe, Tarime. Mashine ikaleta Gati mmoja kijana kuliko Rhobi mwenyewe, na mwingine aliyekwisha kufariki. Rhobi anatikisa kichwa, siye. Tukageuza tarehe, tukageuza kata, tukatafuta kwa ndugu. Hakuna. Rhobi akasema, "Nitakuja tena," akaondoka. Akaja tena, akaondoka tena. Kila akija anazidi kukonda, utadhani mgonjwa ni yeye.

Tukamwambia sasa aje na baba mwenyewe tuchukue alama za vidole. Siku hiyo akaja na bibi mmoja mrefu, amejifunga khanga tumboni kwa nguvu, akamsaidia kukaa benchi la mbele. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba," akafumba macho. Nikadhani ni mama mkubwa aliyekuja kumsindikiza mgonjwa.

"Rhobi, leo umekuja na mzee?"

"Nimekuja naye, mama."

"Yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi, nje?"

Akaitazama meza. "Yupo hapa hapa."

Nikapitisha macho kwenye mabenchi. Kuna kina mama na watoto, kuna vijana na simu zao, mzee hakuna. Nikajua tu: mgonjwa wa tumbo, atakuwa chooni. Nikamnong'oneza Denis aende kumwangalia asije akawa ameanguka huko. Denis akatoka mbio. Tukasikia anagonga milango na kuita, "Mzee Gati! Mzee Gati!" kwa sauti ya kuamsha mtaa. Akarudi anahema.

"Mama, kule hayupo. Yuko mlinzi tu ananawa miguu."

"Umegonga milango yote?"

"Yote. Mpaka mlinzi ananiuliza kama kuna msiba."

Yule bibi akafumbua macho. "Huyo mnayemwita huko chooni ni nani?"

"Ni Mzee Gati, bibi," nikamwambia. "Baba yake Rhobi."

"Gati ni mimi."

Mtu mmoja benchi la nyuma akacheka, kile kicheko cha puani. Rhobi akajifunika uso kwa viganja.

"Baba yake ni mimi," bibi akaongeza, "na chooni sijaenda."

Mimi Msukuma wa Misungwi, nimezeekea kwenye majina ya watu, nilikuwa nimelisikia jambo hilo juujuu tu, kama mtu anavyosikia habari za nchi ya mbali. Nikatoka nyuma ya dirisha nikaenda kukaa naye benchi. Alinieleza bila kupunguza sauti, kwa lafudhi yake ya Tarime.

"Mume wangu arikufa sijazaa. Boma rikabaki rangu, ng'ombe zangu. Boma harifi kwa sababu mwanaume amekufa. Nikatoa ng'ombe, nikaoa. Nikamuoa mama yake huyu, Bhoke. Tukakaa nyumba yetu, turirima pamoja, akazaa huyu. Ng'ombe niritoa mimi, jina niritoa mimi. Sasa mnataka baba gani mwingine?"

Denis alikuwa amesogea anasikiliza. "Lakini bibi," akaanza, "yule mwanaume ambaye..."

Nilimkanyaga mguu lakini nilichelewa.

"Mwanaume yupi?" bibi akamuuliza, akamkazia macho.

Denis akarudi nyuma hatua moja. Kwa desturi ya kwao bibi, hakuna mwanaume wa kuulizwa. Aliyetoa mahari ndiye mwenye boma na ndiye baba, habari imekwisha, na watoto wanajulikana ni wa nani kuliko baadhi ya watoto wa mjini ninaowafahamu mimi.

Nilimgeukia Rhobi, nikamuuliza taratibu kwa nini muda wote ule hakutuambia. Akasema chuoni aliwahi kuwaambia wenzake. Walimcheka, wakampa jina, jina lile likamfuata mpaka alipomaliza. Tangu hapo analiandika jina la baba na kunyamaza. "Nilidhani mashine itamtoa tu, mama," akasema. "Jina si lipo?" Mficha maradhi kifo humuumbua. Ilinijia mdomoni, nikaimeza, kwa sababu mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa katikati yetu.

Denis akarudi kwenye mashine. Akafuta Me kwenye sanduku la jinsia, akaandika Ke. Picha ikafunguka hapo hapo: bibi Gati, kijiji chake, alama za vidole, anaitazama kamera kama anaidai. Alikuwemo siku zote. Mashine haikutudanganya hata mara moja. Tuliiuliza mwanaume, ikatuambia mwanaume huyo hayupo, na kweli hayupo.

Hapa ndipo ninapowaomba mwe na sikio. Cheti cha Rhobi hakikusema baba ni mwanaume. Kilisema Gati Mwikwabe. Ile Me tuliiweka sisi. Mkiwa mnatafuta mtu, sanduku ambalo mteja hajawajazia kwa mdomo wake, liacheni wazi. Mashine itawaletea watu wengi kidogo, mtachuja. Afadhali kuchuja kuliko kumfungia mtu nje halafu kumwambia hayupo.

Basi tukadhani tumemaliza. Denis akaanza kumuunganisha bibi na Rhobi. Akaweka Gati Mwikwabe kwenye nafasi ya baba, mfumo ukatoa maandishi mekundu: jinsia ya mzazi hailingani. Akajaribu tena, mekundu. Njia nyepesi ilikuwepo, na kila mtu pale ofisini aliiona. Rhobi aape, taarifa zake zisahihishwe, Bhoke atolewe kwenye nafasi ya mama na Gati aingizwe hapo. Mwanamke kwenye nafasi ya mwanamke, mfumo hauna neno. Wiki ile ile bibi yuko wodini. Denis alishachomoa fomu ya kiapo. Rhobi alishashika kalamu.

"Na Bhoke mnampereka wapi?" bibi akauliza.

"Hatumpeleki popote, bibi," Denis akasema. "Ni kwenye kompyuta tu."

"Mnamtoa kwa mtoto wake."

Denis akaishusha ile fomu.

"Bhoke arikufa huyu hajaanza shure," bibi akasema. "Nimemzika mimi, pembeni ya nyumba yangu. Hana shamba, hana picha. Kitu kinachosema kwamba Bhoke aripita hapa duniani ni huyu mtoto. Nimtoe hapo iri mimi nipone tumbo?" Akashika ukingo wa benchi, akainuka, mkono mmoja kwenye uvimbe wake. "Rhobi, twende nyumbani."

Rhobi akamshika nguo. "Baba, utakufa," akamwambia. Alimwita hivyo kwa kunong'ona, akiangalia pembeni kama kuna atakayesikia.

Wanangu, niliumia. Nimekaa kwenye dirisha lile nimeona watu wakibadilisha majina, wakibadilisha umri, wakiapa kwamba mjomba ni baba na shangazi ni mama, na mimi nikigonga muhuri, kwa sababu mtu ana shida na shida haina aibu. Huyu alikuwa na shida kuliko wote hao, na hakukubali kumfuta marehemu wake. Nilimpenda bibi yule hapo hapo.

Nikamwambia, "Bibi, kaa kidogo tu. Nisubiri." Nikaenda kwa Mkuu.

Mkuu wetu alikuwa mama mmoja wa Bukoba, mkali, hacheki saa za kazi na sina hakika kama alikuwa anacheka saa nyingine. Wengi walikuwa wanaogopa hata kumpelekea chai. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani, akatoka mwenyewe mpaka kwenye benchi. Akapiga goti kidogo akamwamkia bibi. Akamsikiliza naye mpaka mwisho. Kisha akasema, "Denis, nipigie makao makuu, watu wa mfumo."

Simu ikawekwa sauti ya juu. Kijana wa upande wa pili aliposikia baba ni mwanamke alicheka. Akacheka sana. Mkuu alingoja.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Samahani, Mkuu."

"Nakuuliza. Fomu ya bima inataka mzazi. Huyu ni mzazi, cheti kinamtaja, na yuko hapa mbele yangu anaumwa. Hiyo nafasi inafunguliwaje?"

Yule kijana, simlaumu, alikuwa kijana tu, akasema inafunguliwa kwa mkono, lakini kwa uthibitisho. Iletwe barua ya kijiji, na wazee wa ukoo waseme mahari ilitolewa na nani. Yenye muhuri wenyewe, siyo picha ya simu.

Rhobi akapiga simu kwao. Kwa mara ya kwanza nilimsikia anaongea kwa haraka, kwa lugha yao, bila kutazama chini. Barua ikaandikwa, ikakabidhiwa kwa konda wa basi. Kwa kuwa basi linapita Igoma, nilijitolea kuipokea mimi. Nilisimama pembeni ya barabara pale kwenye mafundi wa kuchomelea, kila basi likija nanyoosha mkono, mpaka kijana mmoja mchomeleaji akaniuliza kama nahama. Konda akanirushia bahasha dirishani bila basi kusimama vizuri. Nikaidaka. Mkinitazama hivi hamuwezi kuamini, lakini niliidaka.

Wazee wa ukoo waliandika mambo mafupi, yenye nguvu. Gati alioa. Ng'ombe walitoka kwake. Rhobi ni mtoto wa boma lake. Mkuu akaituma, makao makuu wakafungua. Denis akaketi, sisi wengine tumemsimamia nyuma, na bibi Gati amewekewa kiti karibu. Baba, Gati Mwikwabe. Jinsia, Ke. Mama, Bhoke, marehemu. Akabonyeza. Mekundu hayakutokea.

Denis akapiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha.

"Nisomee," bibi akamwambia, maana hakusoma shule. Denis akamsomea yote.

"Rudia ya Bhoke."

Akarudia.

"Basi," akasema, akashusha pumzi. Ile ndiyo mara pekee nilimwona ameegemea kiti.

Alipasuliwa, akapona. Nilikwenda kumwona wodini, nikamkuta anagombana na wauguzi kwamba uji wao ni maji. Nikajua mgonjwa hakuna tena. Akarudi kwake, akalima misimu mingine, akila na kupeleka watu puta kama kawaida yake.

Denis alihamishwa mkoa mwingine. Kwenye kiti chake akaja binti anaitwa Neema, mwenye heshima zake, na mimi nikawa namaliza maliza muda wangu kwenye meza ya nyuma. Asubuhi moja ukumbi umefurika, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi, nikamwona Rhobi kwenye foleni. Amevaa nyeusi. Hakuhitaji kuniambia. Ukifiwa unapita kwetu, taarifa za marehemu zifungwe.

Akafika dirishani. Neema akapokea kitambulisho cha marehemu, akaitazama picha, akaweka mkono kifuani kama alivyofundishwa na wazazi wake.

"Pole sana, dada yangu, kwa kufiwa na mama."

Niliinuka. Nilikuwa naujua ule ukumbi, nilikuwa nakijua kicheko cha puani, nikataka nifike dirishani nimsemee. Rhobi akaniona nakuja. Akaniinulia kiganja nisimame, akamgeukia Neema, akamtazama usoni.

"Asante, mdogo wangu. Lakini siyo mama. Mama yangu ni Bhoke, alikufa zamani, utamwona hapo chini." Sauti yake ilifika mpaka kwa waliokaa kwenye ngazi. "Huyu niliyemzika juzi ni baba."